Uzi: Mkulima asiyejua kusoma si mjinga wa dini yake (kwa wote wanaotunga falme za kubuni)

Mtunzi_Katuba

Jambo yenu wote.

Hadithi za falme, mazimwi na mapanga zimeongezeka humu, na nyingi zinatoka kwa vijana wetu wa Lubumbashi. Nazisoma zote na zinanipa furaha kubwa. Lakini kuna jambo moja linajirudia mno, nimeona nilifungulie uzi wake.

Mtunzi anataka tujue kwamba ufalme wake ni wa zamani. Basi anaandika kuwa watu wa kijiji hawajui kusoma. Mpaka hapo sawa. Sentensi inayofuata anasema hawajui lolote juu ya miungu yao: kuhani akisema wanaitikia tu, kuhani akidanganya hawagundui, na shujaa akifika kutoka mjini na kitabu kwapani anawafumbua macho kwa habari ambayo bibi yeyote pale kijijini angekuwa anaijua tangu utoto.

Haikuwa hivyo Ulaya ya zama za kati, ambako hadithi hizi zinaazima ngome na panga zake. Wala haikuwa hivyo hapa kwetu. Kusoma ni njia moja tu ya kupata elimu ya dini, na kwa karne nyingi ilikuwa njia ya wachache. Masikio, macho na magoti yalifanya kazi kubwa zaidi. Ukitaka dunia yako isimame, swali la nani anajua kusoma liweke pembeni kwanza, ujiulize hili: mtu wa kawaida akitamka jambo la dini, ni nani mwenye haki ya kumwambia "umekosea"?

Nianze na Ulaya, maana ndiko mnakochota.

Kitabu kilikuwa mali ya kifahari. Biblia za ngozi alizochapa Gutenberg, yule Mjerumani wa mashine ya kuchapa, miaka ya 1450 zilihitaji ngozi za ndama wapatao 170 kwa nakala moja, na hapo tayari mashine ndiyo iliyoandika. Kabla yake kila herufi ilitoka kwenye kalamu ya unyoya. Mkulima angekipatia wapi?

Hata hivyo Kanisa lilimdai ajue. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1215, uliamuru kila muumini aliyefikia umri wa kupambanua aungame kwa padri wake angalau mara moja kwa mwaka na apokee komunyo wakati wa Pasaka. Yaani kila mwaka mkulima yule anapiga magoti mbele ya mtu mwenye ruhusa ya kumhoji. Mwaka 1281 John Pecham, askofu mkuu wa Canterbury, akaagiza mapadri wawafundishe watu kwa lugha yao ya nyumbani mara nne kwa mwaka: vipengele 14 vya imani, amri 10, matendo 7 ya huruma, dhambi 7 kubwa, fadhila 7, sakramenti 7. Tazameni hizo saba saba. Mafundisho yamekatwa vipande vya kuhesabu kwa vidole, kwa sababu aliyeyapanga alijua yatabebwa kichwani na watu wasio na karatasi. Na lugha ya nyumbani haikuwa jambo jipya. Maaskofu waliokutana Tours mwaka 813 walikuwa wameshaagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ambayo watu wanaielewa.

Halafu kuna kuta. Karibu mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisani kwake. Alimkanya: picha zinamsaidia asiyejua herufi asome ukutani kile asichoweza kusoma kitabuni. Na kuna michezo ya kuigiza. Kule York, Uingereza, vyama vya mafundi viligawana Biblia nzima, kila chama na sehemu yake, wakaiigiza barabarani juu ya magari ya kukokotwa siku ya sikukuu ya Mwili wa Kristo. Ujenzi wa safina ya Nuhu walipewa waunda meli. Sasa mtoto aliyekua akimtazama baba yake akigongomea mbao za safina mbele ya mji mzima, utaniambia haijui habari ya gharika kwa kuwa hajui kusoma?

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Jeanne d'Arc. Msichana wa kijijini Ufaransa aliyeongoza askari dhidi ya Waingereza akisema ametumwa na Mungu, hakujua kusoma. Mwaka 1431, mbele ya mahakama ya Kanisa kule Rouen, alisema Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki alifundishwa na mama yake, na kwamba imani yake hakuipata kwa mwingine. Wakamtega: je, uko katika neema ya Mungu? Akisema ndiyo, ana kiburi, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuwa na hakika ya jambo hilo. Akisema hapana, amekiri dhambi. Akajibu: kama simo, Mungu anitie, kama nimo, Mungu anihifadhi humo. Walioketi mbele yake walikuwa wasomi wa Chuo Kikuu cha Paris na wanasheria wa Kanisa, yeye alikuwa na umri wa miaka kama 19. Jibu lile halikutoka kwenye kitabu chochote alichokisoma yeye. Lilitoka katika sala na mahubiri aliyoyasikia mpaka yakawa mfupa wake.

Wakamchoma moto. Kwa hiyo naomba tuelewane: sidai kwamba kujua kulimlinda mtu. Nadai kwamba alijua.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa Katanga tuna utajiri ambao watunzi wetu wanauruka wakikimbilia ngome za mawe.

Waluba wana lukasa. Ni ubao unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, umebanwa kidogo katikati ili ukae vizuri kiganjani, na uso wake umejaa shanga, pengine na makombe. Msomaji wake, mtu wa chama cha Mbudye aliyefunzwa kwa miaka na kupanda daraja, hupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga hizo. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia, au safari ya kuhama. Kidole kinatembea, mdomo unasimulia: mfalme Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe mwindaji aliyetoka mashariki, Kalala Ilunga mwanawe, makatazo ya ufalme, mahali patakatifu. Na ubao uleule mbele ya watu wengine, siku nyingine, unasomwa tofauti, kwa sababu msomaji anachagua kinachofaa kwa kesi iliyopo.

Niambieni, huyo anajua kusoma au hajui? Ukimweka kwenye dunia yako ya kubuni, utamwandika kwenye safu gani?

Ndiyo maana mgawanyo wa "wanaosoma" na "wasiosoma" hautoshi. Hata Ulaya kwenyewe kusoma na kuandika vilikuwa vitu viwili. Sweden, kwa sheria ya Kanisa ya 1686, watu wa kawaida walitakiwa kujua kusoma mafundisho ya dini, na mchungaji alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiwapima na kuandika matokeo daftarini. Wengi wakajua kusoma bila kujua kuandika hata barua. Na kinyume chake, kule Novgorod, Urusi, tangu 1951 wachimbuaji wamepata barua zaidi ya 1,000 zilizokwaruzwa kwenye magome ya mti: madeni, ugomvi, posa. Baadhi ni za mtoto aitwaye Onfim, wa karne ya 13, aliyekuwa anajifunza alfabeti. Kwenye gome moja ameandika herufi, kwenye jingine maneno ya zaburi, na pembeni amejichora yeye akiwa juu ya farasi akimchoma adui mkuki. Mji wa biashara ulihitaji herufi, kwa hiyo herufi zilishuka mpaka kwa watoto. Mtunzi anayeweka mji wenye bandari na soko kubwa halafu anasema ni makuhani peke yao wanaojua herufi, anipe sababu.

Nawaachia hapa kwanza. Karibuni.

---

Kijana_Ruashi

Yaya, aksanti kwa uzi. Nimeusoma wote. Lakini nina shida. Hadithi yangu inasimama juu ya uongo wa kuhani. Anawaambia watu mungu wa mto anataka mtoto wa kwanza wa kila nyumba. Kama kila bibi anajua dini yake, uongo huo unasimamaje? Na kuhani nguvu zake anazitoa wapi kama watu wote wanajua anachokijua?

---

Mtunzi_Katuba

Mdogo wangu, swali zuri. Nguvu ya kuhani haitoki kwenye kujua peke yake. Inatoka kwenye haki ya kuhoji na kuhukumu majibu.

Kuna kisa cha mwaka 1179. Wafuasi wa Valdes, yule tajiri wa Lyon aliyelipa watu wamtafsirie Maandiko kwa lugha ya kwao kisha akagawa mali yake, walifika Roma wakiomba ruhusa ya kuhubiri. Walikuwa walei, yaani waumini wasio mapadri. Walter Map, msomi wa Uingereza, alipewa kuwahoji, na mwenyewe ameacha maelezo ya siku hiyo. Aliwauliza: mnamwamini Mungu Baba? Tunamwamini. Na Mwana? Tunamwamini. Na Roho Mtakatifu? Tunamwamini. Na mama yake Kristo? Tunamwamini. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kwa wasomi, kitenzi kile kwa namna kilivyotumika kilikuwa cha Mungu peke yake, na wale wakawa wamemweka Maria pamoja na Utatu. Wakatoka wameaibika.

Waliyajua Maandiko kwa moyo. Lakini aliyeuliza ndiye aliyekuwa na ukumbi upande wake. Kuhani wako mpe hilo. Miaka 50 baadaye, sinodi ya Toulouse ya 1229 ikawakataza walei kumiliki vitabu vya Biblia, isipokuwa zaburi na vitabu vichache vya sala, navyo visiwe kwa lugha ya kienyeji. Hakuna anayekataza kitu ambacho watu hawakitaki. Katazo lile linatuambia kwamba kulikuwa na watu wa kawaida waliotaka, na waliokuwa navyo.

Kuhusu uongo wa kuhani wako: kafara ya mtoto wa kwanza ni jambo kubwa mno kuibuka ghafla. Bibi atasema, mbona mama yangu hakuniambia? Mpe kuhani uongo mahali ambapo watu hawawezi kuangalia. Hati, kwa mfano. Mwaka 1381, wakulima walipoasi Uingereza, watu wa mji wa St Albans walimlazimisha abati awape hati za monasteri, wakazichoma. Walikuwa wanaamini ipo hati ya kale ya mfalme Offa, yenye herufi za dhahabu na buluu, iliyowapa uhuru, na kwamba watawa wameificha. Wengi wao hawakuweza kusoma hati hata moja kati ya zile walizozichoma, lakini walijua sawasawa karatasi zinawafanyia nini. Kuhani wako aseme: kuna agano la zamani kati ya mungu wa mto na mababu zenu, limeandikwa, liko kwangu, na deni limefika. Hapo hata bibi anayejua sala zote anakosa pa kumshikia.

---

Mama_Kampemba

Hodi. Mimi ni mama wa katekesi, nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Mtunzi, nakubaliana na wewe nusu. Mtoto wangu darasani anaweza kukujibu maswali yote ya katekisimu bila kukosa hata neno. Badilisha swali kidogo tu, ananyamaza. Watu wazima vilevile. Wazee wetu walikaa miaka minne katika mafundisho kabla ya ubatizo, ndiyo taratibu ya Mapadri Weupe tangu kwa Kardinali Lavigerie, na wapo waliotoka pale wamejaa maneno tu. Kukariri si kujua. Usiwapambe sana wakulima wako.

---

Mtunzi_Katuba

Mama, shikamoo, na nashukuru umeingia. Ulichosema lazima kiingie kwenye hadithi, wala sitaki mkulima mtakatifu anayejua yote. Watu wa kweli wana dini ya maneno waliyoyashika, dini ya matendo ya kila siku, na dini ya mahitaji, na tatu hizi hazikai pamoja kila mara.

Stefano wa Bourbon, mtawa Mdominiko wa karne ya 13, alikuwa anahubiri na kuungamisha maeneo ya karibu na Lyon. Wanawake wakamwambia kwenye maungamo kwamba watoto wao wagonjwa wanawapeleka kwa Mtakatifu Guinefort. Akauliza huyo ni nani. Akakuta ni mbwa. Habari yao ilikuwa kwamba mbwa yule wa kuwinda alimlinda mtoto mchanga dhidi ya nyoka mkubwa, bwana wake akaona damu, akadhani mbwa amemla mtoto, akamuua. Watu wakaheshimu kaburi lake kama la shahidi. Stefano aliagiza mifupa ifukuliwe ichomwe na miti ya mahali pale ikatwe. Watu wakaendelea kwenda, karne baada ya karne, mpaka ya 19.

Wanawake wale walikuwa wanakwenda kuungama, tena walimwambia padri wenyewe. Waliona pengo kati ya walichofundishwa na ugonjwa wa mtoto, wakalijaza kwa kitu kilichokuwa karibu. Ndani ya hadithi zetu za kubuni, kaburi lile la mbwa lina thamani kuliko mahekalu kumi ya dhahabu.

Lakini mama, kuhusu kukariri nakupinga kidogo kwa heshima. Huku Katuba kwenye jumuiya yetu ya mtaa, jioni ya kusoma Injili, kuna mama mmoja mzee asiyejua kusoma. Kijana wa shule ndiye anayeshika kitabu. Siku moja alikuwa anasoma habari ya mwana mpotevu kwa haraka, akaruka mstari ule ambapo kaka mkubwa anaambiwa "wewe u pamoja nami siku zote". Mama akainua mkono: rudi, umemwacha kaka. Kijana akatazama kitabu, akarudi. Kisha mama akaeleza kwa nini mstari ule kwake ni mzito, yeye aliyebaki nyumbani kuwatunza wazazi huku ndugu zake wakienda migodini Kolwezi. Ameukariri, ndiyo. Na ameuishi. Kijana mwenye kitabu siku ile hakuwa na chochote cha kumfundisha.

Na huko Kolwezi kwenyewe Jamaa, lile kundi la Wakatoliki wa kawaida, ilianza hivyohivyo miaka ya 1950, kwa padri Placide Tempels na wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière na wake zao. Mafundisho yao yalikwenda kwa mdomo, mume na mke wakiingizwa pamoja hatua kwa hatua: uzima, uzazi, mapendo. Wachimbaji wa shaba walikaa usiku wakichambua mambo mazito ya Mungu na ndoa kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Baadaye maaskofu wakaona yamekwenda mbali, wakataka kuyasahihisha. Ni swali langu lilelile: nani ana haki ya kusahihisha?

---

Mwana_wa_Kasongo

Salaam. Niongeze upande wetu wa Maniema, maana mnazungumza kana kwamba dini ni Ukristo tu. Chuoni, yaani kwenye shule ya Kurani, mtoto anaanza kwa kusikia sauti ya mwalimu. Anaandika aya kwenye ubao, anaisoma mpaka imekaa kifuani, ubao unaoshwa, inaandikwa nyingine. Anahifadhi Kiarabu kabla ya kukielewa. Na hata akiwa na msahafu mkononi, bado hukubaliki kuwa umehifadhi mpaka usome mbele ya aliyesoma mbele ya mwingine. Kitabu kipo, lakini kinachothibitisha ni mdomo na sikio. Kwa hiyo watunzi wasidhani kwamba kitabu kikishafika kijijini mwalimu anapoteza kazi. Kwetu kitabu kinamtaka mwalimu.

---

Mtunzi_Katuba

Ndugu yangu wa Kasongo, aksanti sana. Huo ni mfano ambao hadithi za mapanga karibu hazina kabisa, na ungempa mtunzi mashujaa wa aina mpya: watu ambao kitabu kizima kimo kifuani mwao, na kumuua mmoja ni kuchoma maktaba.

---

Mchezaji_BelAir

Sisi tunacheza ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, kila Jumamosi. Kwenye karatasi ya mhusika kuna alama moja ya "elimu ya dini". Mkulima anapewa sifuri, kuhani kumi. Mimi ndiye ninayeongoza mchezo. Nibadilishe nini?

---

Mtunzi_Katuba

Futa sifuri. Mkulima apewe alama za kutosha kwa yote yanayofanywa hadharani: sikukuu, mwiko, sala za kila siku, namna ya kuzika, mtakatifu wa kuombwa mvua. Hayo asirushe hata dadu, anayajua. Kuhani wa mjini ndiye arushe dadu akitaka kujua desturi za kijiji kile, kwa sababu yeye ndiye mgeni.

Kisha, badala ya kuuliza "unajua kiasi gani", muulize mchezaji wako "umesikia kwa nani". Kwa mama? Kwa mhubiri wa barabarani? Njiani kwenye hija? Kwenye kikundi kinachokutana usiku? Mhusika akitamka jambo mbele ya mkuu wa hekalu, chanzo chake ndicho kitakachomponza au kumwokoa. Margery Kempe, mwanamke wa mji wa Lynn, Uingereza, hakujua kusoma. Padri alimsomea vitabu kwa miaka, naye akavishika. Mwaka 1417 alipelekwa mbele ya askofu mkuu wa York. Akahojiwa vipengele vya imani, akajibu vizuri, hawakupata kosa. Basi wakageukia jambo jingine: wakataka aape kwamba hatafundisha watu. Akakataa. Akasema hapandi mimbarani, yeye anazungumza tu na watu maneno mema. Mchezo wako unahitaji tukio la namna hiyo, ambapo majibu yote ni sahihi na bado mtu yuko hatarini.

Na herufi zenyewe zipe kazi ya kimwili. Uingereza mtuhumiwa aliyeweza kusoma mstari wa zaburi mbele ya hakimu alihesabiwa kuwa mtu wa Kanisa, akaepuka kitanzi. Mara nyingi ulikuwa mwanzo wa Zaburi ya 51. Watu wasiojua kusoma wakaukariri, wakashika kitabu, wakajifanya wanasoma. Mwizi wa kwenye mchezo wako aanze safari na mstari mmoja kichwani.

---

Dada_Kamalondo

Mimi nina swali ambalo wote mmelipita. Kwenye hizi falme za kubuni miungu ipo kweli. Inajibu. Kuhani anagusa kidonda kinapona. Sasa Ulaya yenu na Jeanne wenu vinahusu nini? Mtu akitaka kujua ukweli si anauliza mungu mwenyewe?

---

Mtunzi_Katuba

Dada, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu.

Nadhani kinachobadilika ni uzito wa ushahidi. Ugomvi wenyewe unabaki. Fikirieni Kimpa Vita, yule msichana nabii wa Ufalme wa Kongo. Ufalme wa Kongo ulikuwa wa Kikristo tangu mfalme Nzinga a Nkuwu alipobatizwa 1491. Mwanawe Afonso aliandikiana barua na wafalme wa Ureno na akajenga shule. Mwaka 1624 katekisimu ya Kikongo ikachapwa Lisbon. Walimu walei Wakongo ndio waliopeleka mafundisho vijijini, mapadri wakiwa wachache mno. Baada ya karne mbili watu wa kawaida walikuwa na Ukristo wao, wanaujua, wanaupenda. Hapo ndipo akatokea msichana huyu, karibu 1704, akasema amekufa na Mtakatifu Antonio ameingia mwilini mwake. Akafundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo. Akaitunga upya sala ya Salamu Malkia, akisema kwamba ubatizo na maungamo havifai kitu, Mungu anatazama nia. Maelfu walimfuata, wakarudi kuujenga mji mkuu uliokuwa umeachwa mahame kwa vita. Mwaka 1706 akachomwa moto, akiwa na miaka kama 22.

Waliomfuata waliamini kwamba mbingu imejibu. Miujiza ilisimuliwa. Na bado swali likawa: aliyemo ndani yake ni Antonio, au pepo? Mapadri Wakapuchini, watawa wamisionari kutoka Ulaya, walisema pepo. Kwa hiyo hata miungu ya dunia yako ikijibu kila siku, mtu atauliza: aliyejibu ni nani, na amesema nini hasa, na kwa nini kamjibu huyu mchuuzi wa samaki na siyo kuhani mkuu? Ingekuwa mimi naandika, uponyaji ungekuwa wazi kwa wote, lakini maneno ya mungu yangesikiwa na mmoja tu. Hapo kila mwenye kidonda kilichopona ana ushahidi mwilini mwake, na hekalu lina kazi ngumu ya kumwambia kwamba ameponywa na mungu asiye sahihi.

Na angalia alichokigusa Kimpa Vita. Alishika sala ambayo kila mtu anaijua na kugeuza maneno yake. Asingeweza kufanya hivyo mbele ya watu wasiojua sala. Mafundisho yake yalishika moto kwa sababu wasikilizaji walijua maneno ya zamani, wakasikia mara moja yalipobadilika.

---

Kijana_Ruashi

Yaya, nimepata. Nabadilisha sura ya tatu. Kuhani analeta hati ya agano kama ulivyosema. Hakuna anayeweza kuisoma. Lakini anaposali sala ya mto kabla ya kuifungua, bibi anasikia ameongeza maneno. Hapo ndipo anaanza kumshuku. Bibi anasimama anasema mbele ya wote. Je, wamwamini?

---

Mtunzi_Katuba

Hiyo ni nzuri sana, mdogo wangu. Iandike.

Nusu ya kijiji wamwamini, nusu wasimwamini, na wasiomwamini uwape sababu ya maana: kuhani huyo ndiye aliyewazikia wazazi wao wakati wa tauni, hakukimbia. Na bibi usimfanye mjuzi wa kila kitu. Mpe neno moja ndani ya sala hiyohiyo ambalo yeye mwenyewe amelishika tofauti tangu utoto, ili kuhani apate pa kumpiga: "Wewe unayesema nimeongeza, mbona na wewe hulisemi hivi?" Kisha mlete yule mtoto wa karani uliyemtaja sura ya kwanza, anayejua herufi kidogo, asogezwe kwenye hati ile mbele ya watu wote, akijua kwamba baba yake anakula kwa kuhani.

Ukimaliza iweke humuhumu kwenye uzi. Mama Kampemba na ndugu wa Kasongo waisome pia, wakuambie kama sala yako ya mto inaweza kusemwa kwa pamoja na watu mia bila karatasi. Kama haisemeki, ifupishe.